Stika ya nyuma ya gari

Erasmo, nimejifungia chooni kwa wakwe, Ngujini. Sijui nitatokaje humu.

Ile stika ya 4WD niliyobandika nyuma ya gari, unaikumbuka? Ulinicheka. Unajua fika gari langu linavutwa na matairi ya mbele tu, nililichukua kwa kuwa halili mafuta.

Leo tumetoka kanisani kwenye kipaimara, mvua imenyesha, nimempakia mzee Zebedayo, baba yake mke wangu Devotha, na suti yake. Nikaanza kujisifu! "Baba, ukioa mlimani ukapata watoto, unahitaji kagari kama haka. Kadogo, kona hakasumbui, na kwa hii fowili, matairi yote manne yanavuta, kanapanda popote."

Nilisema POPOTE, Erasmo.

Kilima cha kwanza tu, tope. Mzee akashuka kusukuma. Baba mkwe anasukuma gari langu! Matairi ya mbele yanazunguka, ya nyuma yametulia tuli. Na yeye yuko hukohuko nyuma, anayaona.

Likatoka. Nikashuka kuomba radhi. Suti yote tope. Hakufoka hata kidogo. Akafungua kiganja, stika imo, imebanduka.

"Ibandike vizuri, mkwe. Kuna kilima kingine mbele."