Kugonga Mara Mbili

Jumatatu, 3 Machi
Kidoti ameondoka saa nne asubuhi. Ana miaka sita, na miezi kumi na minne kati ya hiyo ameishi kwetu, sisi walezi wa muda. Mabegi mawili na mfuko wa viatu. Shangazi yake amepata nyumba, korti imeridhika, kila mtu ameridhika. Afisa wa ustawi wa jamii akanipa karatasi ya makabidhiano: anakula nini, analala saa ngapi, anaogopa nini. Nikaijaza harakaharaka juu ya boneti ya gari. Sikulia. Nikaosha vyombo.

Jumanne, 4 Machi
Saa saba na nusu nikajikuta nimesimama kwenye geti la shule na akina mama wengine. Mlinzi akauliza nimesahau nini. Nikasema mwavuli. Jua la kupasua kichwa.
Jirani anasema sasa mtapumzika. Nikamjibu eh. Kupumzika kwenyewe ndiko huku — nimekaa kwenye kochi natazama televisheni iliyozimwa.

Alhamisi, 6 Machi
Mtoto akiondoka, shuka zinafuliwa siku hiyohiyo, chumba kikae tayari. Ndiyo desturi yetu. Kidoti ni wa tano. Kwa wale wanne nilifua. Safari hii shuka bado ziko kitandani. Sina huzuni, sina chochote. Kama mguu uliokufa ganzi: unajua ni wako, basi.

Jumamosi, 8 Machi
Mume wangu kaamua kutengeneza rafu chumbani kwa Kidoti. Mimi jikoni na vitunguu. Akapiga msumari — ko, ko. Nikaweka kisu chini, nikagonga ukuta mara mbili.
Nyundo ikasimama. Akatoka na nyundo mkononi. Tukaangaliana.
Kidoti haiti mtu. Akiumwa, akiogopa, akitaka choo, anagonga ukuta mara mbili. Nawe ugonge mara mbili, ajue upo. Usipojibu ananyamaza, anavumilia mpaka kukuche. Ilituchukua miezi mitatu kugundua.
Na kwenye karatasi sikuandika! Niliandika hapendi maharage. Maharage!

Jumapili, 9 Machi
Nataka kumpigia shangazi yake. Mume wangu anasema siku thelathini za kutowasiliana hazijaisha, mtoto aachwe azoee. Tukivunja utaratibu hatutaletewa mwingine. Binti yetu akainua macho kwenye daftari lake: kwani mnataka mwingine?
Tukaendelea kula.

Jumatatu, 10 Machi
Afisa kapiga saa tano. Kuna mapacha wa miaka mitatu, hawana pa kwenda leo. Mama, chumba kipo?
Nikamwambia kabla sijajibu, kuna neno naomba limfikie shangazi wa Kidoti. Leo, siyo baada ya siku thelathini. Akasema mama, utaratibu si unaujua. Naujua, nikasema, wewe andika tu. Kisha: haya, ngoja nitafute kalamu.
Simu iko mezani, spika wazi. Nasikia anafungua droo, anafunga, anafungua nyingine. Naandika haya huku nikimsubiri.
Binti ameingia chumbani. Anavua shuka kitandani, moja moja, anazikunja. Sijamwambia atoe. Sijamwambia aache.