Uyoga Wetu Haujamharibu Mtu

Mama mpendwa,

Neema ametia kipande cha uyoga mkavu mdomoni sasa hivi, na mama aliyekuwa anapita akapiga kelele kama ameona nyoka. "Wee! Mtoto atakula wazimu!" Neema akamwangalia tu, akatafuna, akameza. Sisi ni wazima, Mama. Mgongo wako je? Baba anaenda shamba bado? Nimeona nikuandikie, dereva wa matatu atakuletea, maana kwa simu ungesikia nalia tu.

Nimechoka, Mama. Kuna kijana wa chuo kule Kesses alikula uyoga fulani wa kulewesha, akaona vitu visivyokuwepo, akaruka kutoka ghorofani. Amevunjika vibaya. Habari ikasomwa kwa redio: uyoga wa kutia watu wazimu umefika Eldoret, wazazi wajihadhari, hata sokoni uyoga unauzwa waziwazi. Basi. Wakaweka wimbo. Na sokoni hapa anayeuza uyoga ni mimi peke yangu, ule unaouchuma wewe kwa kichuguu.

Tangu siku hiyo wateja wangu wanapita wakiangalia ng'ambo. Wanaokuja ni vijana. "Mathe, uko na ile ya kupaa?"

"Niko na ya mboga."

"Hiyo mboga inapeleka mtu wapi?"

"Chooni, ukikula mingi."

Wanacheka, wanaenda. Lakini mwingine alirudi kuuliza akinong'ona, Mama, na hakuwa anacheka.

Nikakumbuka vile wewe hufanya, mpishi wa uyoga anaonja mbele ya wageni ndipo wao wale. Nikawasha jiko kwa kibanda, nikaupika na maziwa, watu wakajaa kunitazama. Nikala. Wakangoja. Neema naye akaingiza pua yote kwa bakuli, akapiga chafya, mchuzi ukaruka mpaka kwa kofia ya muuza vitunguu. Nikashindwa kujizuia, nikacheka. Weee! "Imeanza! Imemshika, anacheka ovyo!" Walitawanyika wote, na mwenye kofia mbele.

Halima, yule mama Msomali anayeuza vitambaa ng'ambo yangu, ndiye aliniambia, "Mama Neema, hapa utapika mpaka uchoke. Twende kwa wenye redio." Akanishika mkono, tukaenda.

Msichana aliyesoma ile habari alitupokea vizuri, tena naye alionekana hajalala. Akasema, "Mama, habari ilikuwa ya kweli."

Nikamwambia, "Ilikuwa kweli, lakini mliileta nusu. Sisemi mnyamaze. Yule kijana ako na mama, na wengine wakikosa kuonywa wataumia. Lakini wenzake wanasema aliagiza kwa simu, akaletewa kwa nyumba. Hiyo hamkusema. Mkataja soko. Halafu mkaeleza zile rangi alizoona, ukuta ukicheza, vizuri hadi vijana wanakuja kwangu kuitafuta. Vile anavyolia kwa maumivu, mlisema kidogo."

Akasema walipewa muda mfupi, soko aliliongeza yeye bila kwenda kuuliza. Halima akamwambia, "Kutoka hapa mpaka soko ni kutembea tu, binti yangu." Msichana akaahidi kuomba mkubwa wake amruhusu airudie habari leo mchana, yote. Kama atakubaliwa, hajui.

Kwa hivyo leo ndiyo siku, Mama. Wasiporekebisha, kibanda nitaachia mwingine nirudi nyumbani na Neema, na uyoga wako utakosa pa kwenda. Lakini moyo wangu unakataa kuamini hivyo. Mwambie Baba lile gunia lingine la uyoga asimlipe dereva alilete bado, ila asilifungue pia, likae tayari.

Nisalimie nyanya yetu Kukhu, mwambie kitukuu wake ana meno mbele na anauma. Kaka Wekesa aache kumsumbua mke wake kwa chakula, apike pia. Mwalimu wa kwaya mwambie sauti yangu bado iko, naimbia viazi. Na wewe Mama usibebe maji na huo mgongo, nita

Halima ananiita. "Mama Neema! Wacha kuandika, ni yule msichana!" Ameongeza sauti ya redio yake mpaka wauza viatu wamenyamaza. Msichana anasema alikosea kutaja soko. Mama, amesema! Anasema uyoga wa hapa ni mboga, na yule muuza vitunguu mwenye kofia amesimama kwa meza yangu, ananiita pia, anauliza kama ule wa kupika na maziwa uko, ngoja nimpi