Wembe wa Baba Umelala Kabatini

Mji wa Kale, Mombasa

Ndugu yangu mpenzi Zuhura,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Kuna jambo nimekuficha, na nalitaja mwanzo nisije nikachoka kabla ya kulifikia. Wembe wa marehemu baba, ule niliokuandikia kwamba ndio ninaonyolea kila asubuhi, umelala kabatini tangu kabla ya Ramadhani.

Sasa niambie, goti lako laendeleaje? Na hapo Faza mvua zimewapa nafasi? Mimi moyo umechoka. Daktari huzungumza na mwanangu mlangoni siku hizi, nami nimeelewa.

Unakumbuka nilivyoanza. Mtaro wa nyuma ya nyumba uliziba, tukauchokora kwa fimbo, na kwenye matope zikatoka nyembe za plastiki za buluu, za kutumia na kutupa, zile zile ninazonunua mimi. Niliona haya. Siku ile nikautoa sandukuni wembe wa kukunja wa baba, nikaunoa kwenye mshipi wa ngozi kama alivyokuwa akifanya yeye. Kinyozi wa hapa mtaani alinikuta barazani.

"Mwalimu, Idi bado. Wataka kujitinda wewe kabla ya mbuzi?"

"Nakukimbia wewe na plastiki zako," nikamwambia.

Basi nikawa na maneno mengi juu ya plastiki, mpaka wenzangu wa barazani wakinuna wakiniona naja. Lakini mke wa mwanangu, Salma, alinisikiliza. Aliweka gunia la plastiki jikoni, na Jumamosi huenda na wenzake kuokota taka ufuoni. Mwanao Athmani naye akaniomba wembe wa babu yake, siku nitakapokuwa sina haja nao. Nilimjibu kuwa bado nautumia.

Zuhura, mkono unatetemeka. Asubuhi moja nilijikata chini ya sikio, damu ikaingia ukosi wa kanzu. Salma akauliza, nikasema ni paka.

"Paka gani huyo, baba, afikaye hapo juu?"

"Wa jirani. Mrefu."

Alicheka, akanifuta damu. Nikarudi kwenye zile za buluu kwa siri. Ningeweza kumpa kinyozi wembe aninyoe, lakini ningekuwa nimekiri kuwa mkono umekwisha, mkono ulioandika ubaoni umri wangu wote.

Mwanangu atakuletea wembe pamoja na barua hii. Mpe Athmani. Mwambie mkono wake ukianza kutetemeka, aombe mtu amshikie, asione tabu.

Nisalimie shemeji yangu, mumeo, na mama mkwe wako ambaye hajanisamehe kwa kutofika harusini. Mwambie namwomba radhi sasa. Nawe uniwie radhi kwa hili la mwisho, ambalo Salma atalisikia kwangu mwenyewe Mungu akinipa pumzi.

Jumamosi iliyopita alirudi ufuoni amekasirika, akafungua gunia mbele yangu. "Tazama, baba, nyembe tena. Ni nani huyu asiye na haya?" Nikasema sijui.

Nilichelea azione kwenye gunia la jikoni. Kwa hivyo kila mmoja ulipoisha makali, niliutia mfukoni, na nikitoka msikitini alfajiri nilishuka kwa mkongojo wangu mpaka ngazi za bandari ya kale, nikautupa baharini. Ni zangu, Zuhura.

Kakako,
Said