Nafasi Yako Langoni

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo kwa binti yetu, na ziwakute nyote mkiwa wazima. Nyonga yako inaendeleaje? Kwenye simu wewe husema kila kitu ni shwari, na mtu akikusikiliza atadhani ulivunjika kwa kujifurahisha. Ndiyo maana nakuandikia, ili nawe unijibu kwa maandishi, kwa utulivu, bila kunikatiza. Sisi hapa hatujambo. Shemeji yako ana mafua kidogo, lakini sauti yake haijapungua. Yule uliyemwachia duka anafungua kila asubuhi, ingawa wateja wako wa zamani wananung'unika kwamba ananyoa kimya kimya, na kwamba mtu anatoka pale na kichwa safi lakini hana habari hata moja.

Umeniuliza mara kadhaa jinsi mchezo wa kuigiza wa kikundi chenu unavyoendelea, nami nimekujibu kwamba unaendelea vizuri. Nilisema kweli, lakini sikusema yote. Hukuniuliza ni nani anayecheza bawabu, nami sikujisumbua kukuambia.

Ulipoteleza kwenye ngazi za duka, siku ya onyesho ilikuwa imekaribia mno. Mwongozaji alikuja nyumbani akiwa bado amevaa koti lake jeupe la duka la miwani. Nilidhani amefuata ahadi yangu ya kusahihisha matamshi ya waigizaji, maana wengi wao wanameza silabi kama vidonge. Kumbe alikuwa anatafuta mtu wa kukaa mahali pako. Alisema hakuna mwingine katika kikundi anayejua maneno yale. Shemeji yako alikuwa mlangoni na mwiko mkononi, akaninyooshea mwiko huo, akauliza ni nani basi aliyeshika kitabu miaka yote uliyofanya mazoezi sebuleni kwake. Nilikataa. Nilisema mwalimu mkuu mstaafu hawezi kusimama jukwaani achekwe. Shemeji yako akasema nisiwe na wasiwasi, hakuna atakayecheka.

Onyesho la kwanza lilithibitisha maneno yake. Unaijua sehemu yenyewe kuliko mtu yeyote: mfalme amepotea mawindoni, anarudi amevaa matambara, na bawabu, kwa kushikilia kanuni, anamzuia kwenye lango la jumba lake mwenyewe na kumwamuru apange foleni nyuma ya muuza kuku. Hapo ndipo wewe huyumba, ukakizunguka kiti, ukaanguka nacho, na ukumbi mzima ukalipuka. Nami nikafanya hivyo hivyo. Niliyumba, nikakizunguka kiti, nikaanguka nacho. Kimya. Kisha nikasikia sauti ya mama mmoja wa safu ya mbele: “Jamani, mzee wa watu ameumia!” Mwanamume mmoja aliinuka kabisa kuja kunisaidia, na mfalme, yule fundi bomba, akasahau ufalme wake akaniuliza kama naweza kusimama.

Wakati wa mapumziko mwongozaji alinifuata nyuma ya pazia. Alisema kwa upole, lakini alisema: niache kukuigiza wewe. Wewe ukianguka watu wanacheka, mimi nikianguka wanatafuta gari la wagonjwa. Aliniagiza nisichekeshe hata kidogo. Nisimame tu langoni kama nilivyokuwa nikisimama kwenye lango la shule, na nimzuie mfalme kwa sababu kweli sitaki apite.

Juma lililofuata nilitii. Mfalme alipokuja na matambara yake, sikuyumba wala sikuongeza neno. Nilimtazama kuanzia viatuni hadi kichwani, polepole, kama nilivyokuwa nikikagua sare mstarini, na macho yangu yakasimama kwenye kifungo cha shati kilichokuwa wazi. Fundi bomba akakifunga. Hilo halimo katika kitabu. Mkono wake ulikwenda wenyewe. Ukumbi ukacheka. Nilidhani labda paka ameingia jukwaani, nikageuka kutafuta. Wakazidi. Nikawakazia macho ili wanyamaze, na hapo, mdogo wangu, sikuweza tena kuendelea mpaka walipochoka wenyewe.

Baada ya onyesho alinijia mkunga mmoja, mtu mwenye wajukuu, ambaye nilimfundisha zamani. Alikuwa anajifuta machozi kwa ncha ya kitambaa. “Mwalimu,” alisema, “nilikuwa nakuota, naamka nimelowa jasho. Leo nimekucheka mbele ya watu wote hawa na hujanifanya kitu!” Kisha akanishika mikono yote miwili na kuitikisa kama aliyepewa habari njema.

Nilikwenda nyumbani nimechukia. Shemeji yako naye hakunisaidia. Alisema anashangaa watu wanakata tiketi kuona mambo anayoyaona bure kila siku. Hata hivyo nililifikiri jambo hili kwa muda mrefu, na sasa naona nimeelewa kitu ambacho wewe ulikijua bila kukifikiri. Siku zote niliamini kwamba kicheko ni utovu wa adabu, kwamba anayecheka hajakuelewa. Kumbe wale watu walinielewa vizuri mno. Kila mmoja wao aliwahi kusimama mbele ya mtu kama mimi akiwa na kifungo wazi na moyo ukimdunda. Walipomwona mtu huyo langoni, amenyooka, ana kanuni zake zote, na anamzuia mfalme halisi, woga wao ulipata pa kutokea. Kwako wanacheka kwa sababu wanakupenda. Kwangu wanacheka kwa sababu hawaniogopi tena. Sijui kipi ni bora, lakini nilikuwa sijawahi kumwondolea mtu woga maishani mwangu, na nimeona kwamba ni kazi nzuri.

Sasa nifike kwenye jambo lililonikalisha mezani.

Kikundi kimealikwa kupeleka mchezo huu miji mingine baada ya mvua kwisha, wakati ambao daktari anasema utakuwa umepona. Mwongozaji anataka niendelee kuwa bawabu. Wewe amekuwekea nafasi ya mjomba wa mfalme, ambaye hukaa kitini tangu mwanzo hadi mwisho. Aliniomba nisikuambie mpaka upate nguvu. Binti yetu naye amenieleza kwamba kila asubuhi unatembea kwa fimbo ukumbini mwa nyumba yake huku ukisema maneno ya bawabu, na kwamba bila maneno hayo hukubali hata kushuka kitandani. Aliniambia hayo kwa furaha, akidhani ananipa habari njema tu.

Ningeweza kukuandikia kwamba nakushikia nafasi tu, kwamba nitaiacha siku utakayorudi. Nilianza kuandika hivyo, nikaichana karatasi, kwa sababu si kweli. Naitaka nafasi hiyo. Naitaka kuliko nilivyowahi kutaka cheo chochote nilichopewa, na ninaona haya kukutamkia hilo wewe, uliyeijenga miaka yote nami nikikaa pembeni na kitabu, nikikukatiza kila uliporuka neno. Nakuambia leo, wakati bado unaihitaji kwa ajili ya miguu yako, kwa sababu ningesubiri upone ungerudi ukakuta kaka yako amekaa mahali pako na kila mtu alijua isipokuwa wewe.

Mwongozaji nimemwambia kwamba sitampa jibu kabla ya kupata lako. Ukikasirika, andika hivyo hivyo ulivyokasirika. Ila nakuomba mambo mawili. Usiniachie kwa sababu mimi ni mkubwa, na usinijibu kwa mzaha, maana ukitania nitajua kwamba umeumia na sitaweza kusimama langoni tena.

Mwambie binti yetu kwamba baba yake mkubwa anamshukuru kwa matunzo anayokupa. Shemeji yako anakusalimu sana; anasema unywe dawa kwa wakati na uache kumfanyia vituko muuguzi anayekuja kukunyoosha mguu. Wazee wa dukani kwako nao wanakusalimu.

Usiache kutembea. Kama barua hii imekutia hasira, tembea nayo hadi mwisho wa ukumbi na urudi. Hiyo nafasi ukiitaka, njoo uichukue, nami nitakupisha mbele ya kikundi kizima bila kununa. Lakini sitampa mtu aliyebebwa. Uje kwa miguu yako.

Ni mimi,
Kaka yako