Luhekelo Hayumo Kitabuni

Bwana Mshauri wetu,

Naomba unisikilize kwa uvumilivu, mimi ni mwalimu wa shule ya misheni hapa Njombe, na mwaka jana wazee walinipa kazi ya kuandika kitabu cha habari za Wabena, nikakubali kwa furaha, nikaandika vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata, kwamba watu wengi walikufa mpaka wakubwa wa nchi wakagawa mbegu za ulezi, basi Jumapili nikaenda Mahongole kumsomea mama yangu Zipora, ambaye wakati ule alikuwa msichana, akasikiliza mpaka mwisho halafu akauliza, "Luhekelo yuko wapi humo?" Luhekelo ni mdogo wake aliyekufa kwa njaa ile, nami nikajibu, "Yumo, mama, kwenye hao wengi," ndipo akaniambia jambo ambalo hajawahi kunitamkia, kwamba mbegu zilikuwa za bibi, yaani mama yake yeye, zimening'inizwa juu ya moshi wa jiko, na bibi alikataa kuzipika hata Luhekelo alipolia njaa, akazipanda, na majirani wakapata mbegu kwake. Wazee wanasema hayo ni mambo ya jikoni, niyaache, na kitabu kinakwenda kupigwa chapa Jumatatu ijayo, na mama hataki tena kuongea nami. Nifanyeje?

Efraimu, Njombe

Mwalimu Efraimu,

Pole, lakini umejitakia. Mama anakuuliza habari za mdogo wake, wewe unamjibu kama karani wa kuhesabu vichwa.

Wazee waulize swali moja tu: nani alipokea mbegu kwa hao wakubwa, kwa mkono wake mwenyewe? Akipatikana, mwandike. Asipopatikana, futa habari ya wakubwa kugawa mbegu. Na wakikuambia tena mambo ya jikoni, waulize njaa waliiona wapi kama si jikoni.

Ila usikimbilie kuandika habari za bibi. Mama yako alimuulizia Luhekelo tu. Hayo mengine amekuambia wewe mwanawe, na pengine mpaka leo hajui kama amemsamehe mama yake. Nenda Mahongole kabla ya Jumatatu, bila daftari, ukamwombe radhi. Kisha muulize kipi kiandikwe na kipi kibaki nyumbani, na akikukataza, nyamaza.

Jina la mtoto liandike. Wazee wakilikataa, warudishie kazi yao, watapata mwandishi mwingine hata Makambako. Luhekelo hana mtu duniani anayemkumbuka ila mama yako, na mama yako amezeeka.