Kinanda cha Nyaya

Tokyo, 12 Desemba 1983

Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Baridi imeanza huku. Magoti yako yanaendeleaje?

Nimejitoa kwenye bendi. Morita, mwenzetu wa bendi, anataka kinanda kipya kinachohifadhi sauti chenyewe, ubonyeze kitufe tu. Changu anakiita takataka, eti sauti yake inakwenda kombo jukwaani. Nikamwambia takataka ni masikio yake. Tarehe 18 Februari napiga peke yangu, ukumbi mdogo wa Koenji. Naomba unitumie kinanda changu nilichokirudisha huko nyumbani, lakini nyaya usiziguse! Hakikumbuki kitu. Nyaya zilivyochomekwa ndivyo wimbo wangu ulivyo.

Binti yako, Kazue

Hamamatsu, 30 Desemba 1983

Mwanangu Kazue,

Mimi mzima, magoti ni yale yale.

Barua yako imenikuta nimeshafanya usafi wa kufunga mwaka. Unanijua: mwaka mpya hauingii kwangu ukakuta vumbi. Nyaya nilizichomoa zote, nikazifuta, nikazikunja na kuzifunga utepe. Hata vile vifundo vya kuzungusha nimevielekeza vyote upande mmoja, vikapendeza. Nisamehe. Nimelia sana. Labda umwombe Morita radhi tu, yaishe.

Mama yako

Tokyo, 4 Januari 1984

Mama,

Heri ya mwaka mpya. Zile keki za mochi zisije zikakukwama kooni; natumaini umekula polepole.

Nililia, nikakasirika, halafu nikacheka. Vifundo vyote upande mmoja! Morita simwombi radhi ng'o. Kitume hivyo hivyo. Sauti ile niliitafuta kwa masikio, na masikio bado ninayo.

Kazue wako

Hamamatsu, 20 Februari 1984

Kazue,

Hujambo? Baridi ya huko imepungua?

Nilikuja. Nilikaa nyuma kabisa, sikutaka unione ukababaika. Sauti ya kinanda ilipokwenda kombo kwa baridi ya ukumbini, watu wakacheka. Ukawaambia, "Subirini kipate joto," ukaketi ukanywa chai mbele yao. Kijana aliyekuwa pembeni yangu akasema, "Si nilisema? Takataka." Nikamtambua, ni yule wa kwenye picha ya bendi yenu.

"We Morita," nikamwambia, "hujasikia? Umeambiwa subiri!"

Kisha ukapiga. Haukuwa wimbo ule niliousikia ukipenya ukutani miaka yote. Huu ni mkali zaidi, na watu waligoma kutoka.

Mlangoni Morita akaniuliza, kwa adabu sasa, sauti ile umeipata wapi.

"Kwangu," nikamjibu. "Mimi ndiye niliyechomoa nyaya."

Mama yako