Mama Mkwe na Mashine ya Betri

Jumatatu, 1 Septemba

Merv amerukwa na akili! Asubuhi kaja na boksi jipya, kalikumbatia kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. Ndani – mashine ya kupogolea ua wa miti. Ya betri! Miaka ishirini na sita mimi na yeye tunapogoa nyua za watu hapa Leominster, Uingereza, gari moja, ubavuni limeandikwa Pugh na Tranter, na leo ananiletea kitu cha kunyolea ndevu.

Nikamuuliza kama inapaka na poda ukimaliza.

"Cheka tu, Denzil," akasema. "Haina moshi, haina kamba ya kuvuta, haina kelele."

Haina kelele! Sasa mteja atajuaje kama tupo kazini?

Mimi ninaye Mama Mkwe. Ndilo jina la mashine yangu ya petroli. Haiamki mpaka uibembeleze, ikiamka hainyamazi, na ukiisema vibaya inanuna siku nzima. Mama mkwe wangu wa kweli alilisikia jina hilo kabla hajafa. Alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa mtu mzuri sana. Mashine siyo.

Alhamisi, 4 Septemba

Kwa Bi. Aldersey. Mwalimu mkuu mstaafu, miaka themanini na nne, bado anatutazama kama tumechelewa gwaride. Ua wake wa mbele ni mrefu kuliko subira yangu. Tukaugawa: Merv upande wa barabara na betri yake, mimi upande wa nyumba. Hakuna aliyetamka neno mashindano. Halikuwa na haja ya kutamkwa.

Merv akabonyeza kitufe, akaanza. Mimi nikavuta kamba. Nikavuta. Mara kumi na moja! Bi. Aldersey yuko dirishani, midomo inacheza – alikuwa anahesabu, naapa.

Lakini saa tano na nusu betri ya bwana mkubwa ikakata roho. Ya akiba kaisahau nyumbani kwenye chaja! Nikampita huku napiga mluzi.

Furaha haikudumu. Bi. Aldersey akatoka kusema kwamba leo ameisikia redio yake vizuri, angalau upande mmoja wa nyumba. "Na hiyo yako, Bwana Pugh, unapogolea au unachimbia kisima?" Merv akapata kipande cha pili cha keki ya plamu. Mimi nikapata ushauri.

Jumanne, 16 Septemba

Baridi ya kwanza. Vidole viwili vya mkono wa kulia vyeupe tena, weupe wa mshumaa, toka ncha mpaka fundo la katikati. Nikaving'ata. Sikuhisi kitu. Niliona tu alama za meno.

Hii ni mara ya ngapi? Majira mawili ya baridi sasa. Nusu saa hivi, kisha vinarudi vyekundu, vinawasha kama nimeshika upupu. Sijamwambia mtu. Useme nini? Samahani, vidole vimefariki, vitafufuka baada ya taarifa ya habari?

Pip, mke wangu, kaniuliza mbona siku hizi nafunga kamba za viatu kama mtoto wa chekechea. Nikasingizia mgongo.

Jumatano, 24 Septemba

Nimemkata Merv.

Naandika ilivyokuwa, mara moja tu. Tulirudi kwa Bi. Aldersey, ua wa nyuma. Mimi juu ya jukwaa la mbao, Merv kaliunda kwa mikono yake, Mama Mkwe ananguruma. Merv chini, ameshika jukwaa lisicheze. Ukungu. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umekufa mpaka kiganjani. Nilijua. Nikapanda hivyo hivyo.

Merv akaniita anionyeshe tawi nililoliruka. Nikageuka, nikidhani nimeshaachia kitufe. Sikuwa nimeachia. Vidole vilikuwa bado vimebana, wala havikunipa taarifa. Meno ya mashine yakampitia mkono, chini kidogo ya kiwiko.

Damu kwenye majani. Nyuzi tisa. Hospitali wakasema mshipa umeponea upana wa ukucha.

Njiani kurudi Merv, uso umempauka, akauliza, "Hivi ilikuwaje?"

"Niliteleza," nikasema. "Jukwaa lilicheza."

Ijumaa, 26 Septemba

Merv amelikata lile jukwaa vipande vipande. Kwa mkono mmoja. Kisha akaniomba msamaha!

"Ningelikaza skrubu sawasawa usingeteleza, mzee."

Mimi ni mbwa. Hapana – mbwa angalau angebweka.

Jumatatu, 29 Septemba

Merv hatafanya kazi wiki tatu. Kaniletea mashine yake ya betri nimalizie kwa Bi. Aldersey. "Ukiona aibu, vaa miwani ya jua." Nikaijaribu kwanza nyumbani, nyuma ya banda, nisionwe na mtu.

Inakata. Haya, nimesema! Inakata vizuri, na haikuniachia ule mtetemo unaobaki mifupani mpaka wakati wa kulala. Nilisikia meno yanavyotafuna majani. Nikasikia ndege. Nikamsikia na Pip, jikoni, dirisha wazi, yuko kwenye simu na dada yake.

"Anadhani sijui," anasema. "Nimemnunulia viatu visivyo na kamba, nikamdanganya vilikuwa vimeshushwa bei. Si unajua, mficha maradhi kifo humuumbua, na huyu wangu anaficha hata mafua. Hapana, simuulizi. Nikimuuliza atasema uongo, na sitaki niwe mimi niliyemfanya mwongo."

Nikazima mashine. Nikasimama pale na majani kichwani. Petroli ina faida zake: chini ya Mama Mkwe nisingesikia hata nusu neno.

Ijumaa, 3 Oktoba

Kwa daktari. Nilimwambia Pip habari ya vidole, ameendesha yeye. Dk. Nuttall, mwanamke mpole, akaniambia nifumbe macho, akawa ananidonoa vidole kwa kitu chenye ncha. Nimegusa kipi? Nikabahatisha. Na hiki? Nikabahatisha tena. Nilipofumbua macho nikaona alivyokuwa akiniangalia, nikajua nimefeli mtihani wote.

Mtetemo wa mashine, kasema. Miaka na miaka. Kilichoharibika huenda kisirudi, kilichobaki bado kinaweza kuokolewa. Nikamwambia basi, nimetubu, nahamia betri, hata kwa Merv nitapiga magoti. Akatikisa kichwa. Nyingi za betri hutetemeka kidogo kuliko za petroli, lakini hutetemeka.

"Kwa mikono hii, Bwana Pugh, ningeziweka chini zote."

Zote! Mwezi mzima nabishana betri au petroli, kama abiria wanaogombea kiti kwenye basi lililokwisha kuondoka.

Tulipofika garini Pip akafunga mkanda. Hapo akaniuliza, "Na Merv?"

Merv kafanya nini, nikasema.

"Denzil."

Basi. Jina langu tu. Kumbe na hilo analijua.

Jumatatu, 6 Oktoba

Saa tatu asubuhi. Nipo ndani ya gari, uani kwa Merv, mlango wazi. Naandika kwa sababu sijui nitazame wapi.

Nimemkuta anapaka rangi jukwaa jipya. Pana, miguu minene, skrubu kila mahali. Mkono bado una bandeji.

"Panda uone!" akasema. "Hili hata tembo mlevi hatelezi." Kanunua na betri mbili za akiba. Moja kaiandika jina langu, kwa kalamu nyekundu.

Nikasema, "Sikuteleza."

"Nini?"

Nikamwambia yote. Vidole. Majira mawili ya baridi. Ule ukungu, na kwamba nilijua na bado nikapanda. Kwamba jukwaa lake halikuwa na kosa lolote. Kwamba daktari kanikataza zote, yake na yangu.

Hakunitukana. Ningemshukuru angenitukana, Merv ana kipaji cha matusi. Akautazama mkono wake, kisha wangu. Akalaza brashi juu ya kopo, taratibu, rangi isidondoke.

"Nilikuwa nimekushikia, Denzil," akasema. "Nilikuwa pale chini nimekushikia."

Akaingia ndani.

Mlango wa jikoni kauacha wazi. Sijui ni hasira, sijui ni karibu. Birika linaanza kuvuma. Kabati la vikombe limefunguliwa – bawaba zake nazijua. Kikombe kimoja kimegonga meza.

Nasikiliza kama kuna cha pili.